Vazi la Ndani la Mfalme wa Bati

Wahenga wetu, ambao kwa bahati yao njema hawakuwahi kuvaa bati saa nane mchana mjini Garsen, walituachia methali isemayo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kikopo kilichotiwa nakshi na rangi za kuvutia, lakini ukikifunua hukuti ila mti mtupu. Vivyo hivyo, kitu kinaweza kumeremeta nje na ndani kisiwe na lolote. Ukweli huu ulithibitishwa Machi iliyopita mbele ya waamuzi watatu, na shahidi mkuu alikuwa amelowa chepechepe.

Katika Shule ya Bweni ya Mtapani palikuwa na mvulana aitwaye Gollo, mwana wa wafugaji, mrefu kama mlingoti, mwenye sauti ya radi. Kila mwaka yeye ndiye aliyekuwa mfalme katika tamasha la maigizo. Mwaka uliotangulia, akiwa ndani ya deraya, yaani vazi la vita la bati, joto lilimzidi nguvu katika onyesho la pili. Akaanguka kama gunia la mahindi, tena mapajani mwa mwamuzi mkuu. Shule ikashika mkia, na kicheko kilichozuka yasemekana kilisikika hadi kijiji cha Ngao.

Basi Mwalimu Dawood, mwalimu wa hisabati na mlezi wa chama cha maigizo, akaitisha kikao.

"Nisikilizeni," alisema huku akipangusa miwani. "Mwaka huu akianguka mtu tena, chama kimekufa. Kila Jumatano jioni tutakuwa darasani tukifanya milinganyo."

Wanachama walitazamana kama mbuzi waliosikia kisu kikinolewa.

"Mwalimu, si tuache bati?" Gollo aliuliza.

"Mchezo unaitwa 'Mfalme Asiyevua Bati.' Unataka avae shuka?"

Hapo ndipo Teresia aliponyoosha mkono. Alikuwa binti wa mkulima wa Bura, mfupi, mpole kwa kumtazama, aliyewahi kuifungua redio ya matroni na kuiunganisha tena kabla matroni hajamaliza kuoga.

"Bati halina kosa, Mwalimu," alisema. "Kosa ni kilicho chini yake. Mwaka jana huyu alivaa sweta la shule."

"Lilinikinga na makali ya bati!" Gollo akateta.

"Likakuivisha."

Kwa majuma mawili Teresia alishona. Karibu na ngozi aliweka leso nyepesi ya pamba. Juu yake akashonea mipira myembamba ya kumwagilia miche, ikizunguka shingo, kifua na kiuno kama nyoka aliyepotea njia. Juu ya mipira akaweka gunia lililoloweshwa. Ndani ya kofia ya mfalme alificha chupa mbili bapa za maji ya barafu.

"Na pampu?" Mwalimu Dawood aliuliza.

"Maji hayataki pampu, Mwalimu. Yanataka mteremko. Yatatoka kichwani yaishie kwenye viatu vyake, magambuti ya mvua."

Siku ya majaribio Gollo alivaa, akasimama juani, na baada ya dakika tano akaanza kutoa mvuke kama sufuria ya ugali.

"Toeni!" alinguruma. "Teresia, umeligandisha gunia na bati! Nyumbani dumu la maji tunalifunga gunia, tunalitundika upepo unapopita, na maji yanakuwa baridi. Ukilifungia sandukuni unapata uji!"

Teresia alikata vipande vya mkeka wa ukindu, akavipanga kati ya gunia na bati ili upepo upite, kisha akatoboa matundu makwapani. Gollo akavaa tena.

"Sasa je?"

"Shingoni natetemeka. Kiunoni naiva."

Teresia alicheka. "Kumbe wewe ni mfereji wa Bura! Wakulima wa mwanzo wakifungua maji wote pamoja, wa mwisho anavuna vumbi. Lazima tuweke zamu."

Akafunga vibomba vitatu kifuani: cha shingo, cha kifua na cha kiuno. Kila kimoja akakificha chini ya nishani ya kizibo cha soda. Gollo akihisi joto mahali, angegusa nishani yake na kufungua maji. Akipoa, angeyafunga.

Siku ya tamasha mjini Garsen, ukumbi wa mabati ulikuwa tanuri. Shule jirani, ambayo kwa adabu hatutaitaja, ilimleta Farid, kijana wa Kipini mwenye maneno matamu kuliko halua. Deraya yake iliagizwa Mombasa. Iling'aa hata waamuzi wakakinga macho. Alipoiona ya Gollo, iliyotengenezwa kwa madebe ya mafuta, aliangua kicheko.

"Ewe Gollo! Hayo mabati mmeyabandua kwenye choo cha nani?"

"Cha kwenu, Farid. Jisaidie mapema."

Farid alitangulia. Mwanzoni alinguruma kama simba. Katika onyesho la pili akasahau jina la malkia wake. Katika la tatu akamwita malkia "Mama yangu, nakufa!" akatupa kofia, akavua deraya mbele ya umati wote, na chini yake likaonekana sweta la shule, jipya, lililopigwa pasi, limefungwa vifungo hadi shingoni.

Kisha akapanda Gollo. Watu walimcheka kwa madebe yake. Alisimama. Akanena. Kila alipozidiwa na joto aligusa nishani taratibu, akafumba macho, akashusha pumzi. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Hata mama muuza sambusa aliacha kuuza.

Katika onyesho la mwisho, mfalme alipaswa kusimama kimya watu wake wakiomboleza. Ndipo gambuti la kushoto, lililokuwa na tundu asilolijua mtu, likaanza kuvuja. Maji yakatambaa jukwaani hadi miguuni mwa waamuzi.

"Mfalme amejikojolea!" Farid alipiga kelele kutoka nyuma.

Ukumbi ukalipuka. Nyuma ya pazia Teresia aliuma kitambaa chake. Aliona Jumatano zote za maisha yake zikijaa milinganyo.

Gollo alitazama chini. Akagusa nishani ya mwisho na kufunga maji, bila haraka.

"Miaka thelathini," alisema, "mfalme wenu hakulia mbele ya mtu. Machozi yalishukia ndani ya bati. Leo yamefika miguuni."

Halafu mama muuza sambusa akapiga kwikwi ya kilio, na ukumbi mzima ukasimama kwa makofi hata mabati ya paa yakatetema.

Mtapani ikawa ya kwanza. Mwamuzi mkuu, aliyekuwa ameketi mbali kidogo safari hii, alisifu "ile ishara nzito ya mfalme kugusa nishani zake." Mwalimu Dawood alimgeukia Teresia.

"Nani alimfundisha usanii ule?"

"Mfereji, Mwalimu."

Farid alikuja akiwa amebeba sweta lake, likidondosha jasho. "Dada Teresia, nionyeshe basi. Ndani mmetia nini?"

Teresia alifungua madebe, akamwonyesha mkeka, gunia, mipira na leso. Farid alishika kila kimoja, kisha akaitazama deraya yake ya Mombasa iliyoegemezwa ukutani, ikimeremeta, tupu. Hakuna aliyemwambia neno, maana wahenga walikwisha kulisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.