Vitufe Vitatu, Firigisi Moja

Hapo zamani, zamani za juzi tu, kompyuta zilikuwa zimeshaingia mjini lakini firigisi ya kuku ilikuwa bado ya baba mwenye nyumba. Mpo? Basi sikilizeni.

Bi Mwanasiti alikuwa mjane, mchoraji wa kanga. Tangu mumewe afariki, firigisi nyumbani kwake haikupata mwenyewe, na jambo hilo lilimuuma. Sasa binti yake Nuru anaolewa. Mchoro wa kanga ya harusi sharti ufike kiwandani kabla ya alasiri, ama sivyo biharusi atatoka na kanga ya kuazima, na mawifi mnazijua ndimi zao. Asubuhi hiyo mausi ya kompyuta ikafa.

Bi Mwanasiti akachinja kuku, akawaita wakwe zake watatu, waume wa dada zake Nuru. "Wanangu, atakayeniokoa, firigisi yake."

Akaja Badi na mausi ya kitufe kimoja. Vidole vya Bi Mwanasiti vimekakamaa, lakini kwa kitufe kimoja hakukosea. Akafungua kanga ya mteja wa zamani, akaifuta katikati na pindoni, akachora korosho moja, nzuri mpaka Badi akaona njaa. Ila pindo lataka korosho pande zote. Akizichora moja moja, magharibi itamkuta palepale.

Akaja Mbaraka na mausi ya vitufe viwili. Akabonyeza cha kulia: nakili. Akabonyeza tena: bandika. Nakili, bandika, nakili, bandika, pindo likajaa, na katikati pia. "Tuma, Mama!"

Akaja Shehe, wa mwisho kama kawaida yake, na mausi ya vitufe vitatu, cha katikati kinazunguka. Akakizungusha kwa kuchezea tu, kanga ikapanda mpaka maneno ya chini yakaonekana. Loo! Ya yule mteja, aliyeachana na mumewe, yapo vilevile: MUME NIMEKUACHIA, MAKOMBO JIFAIDIE.

Bi Mwanasiti akashika kichwa. Wakafuta, wakaandika NDOA NJEMA MWANANGU, wakatuma huku mwadhini anakohoa.

Sahani ikaja.

"Mama," akasema Badi, "bila kitufe changu wangenakili nini? Mausi ni kitufe kimoja. Vingine mapambo."

"Korosho moja si kanga," akasema Mbaraka. "Adui alikuwa saa, na vitufe viwili ndivyo vilivyomshinda."

"Mngemshinda," akasema Shehe, "halafu Nuru atoke na makombo mbele ya mawifi!"

"Wewe ulikuwa unachezea!" wakamrukia wenzake.

"Nilichezea, nikaona. Nyie mliokuwa makini, mliona nini?"

Bi Mwanasiti akaitazama firigisi, machozi yakamlenga. Alimkumbuka marehemu, ambaye hakugusa kompyuta maisha yake yote, na bado firigisi ya kila kuku alikula yeye.

Haya, wenzangu. Firigisi ni moja, wakwe watatu wamekaza macho, na mchuzi unapoa. Je, nani alistahili?