Maji ya Jumapili

"Maji hufuata mfereji, hayafuati mahubiri." Ndivyo nilivyomwambia mzee wa kanisa leo asubuhi pale mlangoni, baada ya yale maombi marefu ya wagonjwa, na nyinyi wanafunzi wa kipaimara mkacheka. Sasa mmenifuata mpaka nyumbani mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Haya, kaeni. Kila mmoja achukue maharage yake amenye, maana mimi sisimulii bure, na makande ya jioni hayajipiki.

Shuleni mnaambiwa kila methali ni ya wahenga. Hii si ya wahenga. Ilitoka kinywani mwa mama yangu mzazi, Nakijwa, akiwa amesimama kwenye tope na gauni lake la kanisani, mbele ya watu wote wa kijiji hiki. Mimi nilikuwepo, nimeishika kanga yake. Leo ni bibi kizee, meno yamebaki ya kuhesabu, na bado nikiikumbuka siku ile damu inanichemka. Kwa hiyo mkiona nakunja uso, si nyinyi.

Nyinyi mmezaliwa mmekuta bomba. Sisi tuliishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo kule juu mlimani, linaingiwa na maji ya kijito mpaka linajaa, halafu asubuhi mgawa maji anazibua, maji yanashuka na mfereji mkubwa mpaka mashambani. Kila ukoo ulikuwa na siku yake. Ukichukua maji siku isiyo yako, hata shemeji yako anakuita mwizi, na huko nyuma watu walikuwa wanashikiana mapanga kwa jambo hilo.

Jumapili haikuwa ya ukoo wowote. Babu zetu walipoanza kusali walikubaliana kwamba siku hiyo wenye nguvu wote wako kanisani, basi maji ya Jumapili yawe ya wajane, wazee na wagonjwa. Mgawa maji anazibua ndiva alfajiri, maji yanashuka yenyewe mpaka kwenye mashamba ya chini, na hakuna mtu anayesimama na jembe kulinda. Nani alinde? Na alinde dhidi ya nani? Wote tuko kanisani tunaimba. Mnaona uzuri wa jambo hilo? Mjane alikuwa anasali huku shamba lake linakunywa.

Mama yangu alikuwa mjane. Baba alifariki mimi sijaota meno ya mbele, akatuachia kile kishamba cha chini, kile ambacho sasa mmekipanda nyasi za ng'ombe. Mahindi na maharage vya mwaka mzima vilitoka pale. Hatukuwa na pengine.

Sasa mchungaji alikuwa anakaa mbali, anakuja mara mojamoja. Aliyetuongoza siku zote ni mwinjilisti, Anaeli. Nisiseme uongo, mtu yule alijaliwa sauti. Akisoma, mtoto mchanga ananyamaza. Akiomba, wanawake wanafuta machozi na ncha za kanga. Na ndiye aliyefundisha kipaimara, vijana kama nyinyi, wanaompenda na kumbebea Biblia. Shamba lake lilikuwa juu ya kanisa, karibu na pale mfereji mkubwa unapogawanyika.

Mwaka ule mvua za vuli zilikuja zikachungulia zikarudi. Mahindi ya mama yalikuwa yametoa mbelewele, na mahindi yakifika hapo yakikosa maji ndiyo basi, utavuna majani. Kila Jumapili tukitoka kanisani mama ananishika mkono tunakwenda shambani moja kwa moja, na kila Jumapili tunakuta udongo umelowa juujuu tu, kama vile mtu amenawa mikono akapita. Mama akadhani kijito kimepungua. Akadhani ndiva inavuja. Alidhani kila kitu isipokuwa binadamu.

Basi akamwendea nani? Akamwendea Anaeli. Nilikuwa naye. Akamwambia, "Mwinjilisti, maji ya Jumapili hayanifikii. Niombee." Na Anaeli akamwekea mama yangu mkono kichwani, akafumba macho, akamwomba Mungu amkumbuke mjane huyu katika ukame wake. Aliomba vizuri mno. Mama alitoka pale amepata nguvu, njia nzima anaimba.

Wekeni hapo kwanza, nitawarudisha.

Mama hakukaa na maombi peke yake. Alimfuata pia mgawa maji, akambembeleza aitazame ndiva. Yule mzee akapanda Jumamosi na wenzake, wakaiziba kila ufa kwa udongo wa mfinyanzi. Usiku huo ndiva ikajaa kama haijawahi kujaa mwaka ule. Alfajiri akaizibua, akanawa, akaja kanisani.

Siku hiyo Anaeli alihubiri juu ya wajane. Ndiyo, juu ya wajane. Alisema mfuasi wa Kristo hajulikani kwa kuimba, anajulikana kwa namna anavyomtazama mjane na yatima. Akamtaja mama kwa jina, watu wakageuka kumtazama, naye akainamisha kichwa kwa haya. Mahubiri yakawa marefu. Yalikuwa marefu kila Jumapili, na sisi tulimsifu kwa hilo, tukisema mwinjilisti wetu ana moto. Kumbe moto wenyewe ulikuwa na sababu yake.

Akamalizia kwa kusema tufumbe macho tuombee maji. Tukafumba. Akaanza, "Ee Bwana, uliyepasua mwamba jangwani..." Mimi nilikuwa mtoto, miguu yangu haigusi chini. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Eh." Halafu mwingine. Nikafumbua jicho moja, nikaona maji yanaingia mlangoni, ya rangi ya udongo, yana samadi na majani makavu ya migomba, yanapita chini ya mabenchi taratibu kuelekea madhabahuni. Watu wakaanza kuinua miguu. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Mungu amejibu," na kuna watu wakaanza kulia kwa furaha. Anaeli alipofumbua macho hakulia. Uso ulimbadilika ukawa wa majivu.

Mama yangu alitazama yale maji, akatazama mlango. Alikuwa mkulima, alijua maji hayaingii kanisani bila kupitishwa. Akanyanyuka katikati ya maombi, akanivuta, tukatoka. Tukayafuata yale maji kwenda juu, na kanisa zima likatufuata. Hatukwenda mbali. Yalikuwa yanatoka kwenye shamba la Anaeli. Shamba limejaa mpaka kingo zimepasuka, mahindi yake yamesimama kijani, manene, yanameremeta. Tukapanda kidogo mpaka pale mfereji unapogawanyika. Tawi la kwenda chini, la wajane, limezibwa kwa vigogo vya migomba na udongo uliokandamizwa vizuri. Tawi la kwenda kwa mwinjilisti liko wazi.

 Watu wakaanza kutazama pembeni, kama wanaoona kitu ambacho hawataki kukiona.

Anaeli akafika akihema. Na mnajua alisema nini? Alisema, "Ndugu zangu, adui ametuingilia. Hii ni kazi ya vijana. Vijana wa siku hizi hawana hofu ya Mungu." Akawanyooshea kidole wanafunzi wake wa kipaimara, wale wale wanaombebea Biblia.

Kulikuwa na msichana kati yao, Naetwe, binti mpole ambaye hata akiombwa kusoma somo anatetemeka. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu, ni sisi tulioziba." Anaeli akataka kudakia, lakini yule binti hakuwa amemaliza. "Tunaziba kila Jumapili kabla ya ibada, na ukiwa mlangoni unasalimia watu sisi tunakimbia kuzibua. Ulituambia shamba la mwinjilisti ni shamba la Bwana. Tulidhani ndiyo kazi ya Mungu uliyotufundisha."

Hapo ndipo nilipoelewa, mtoto mimi, kwamba mkono uliowekwa kichwani kwa mama yangu ni mkono ule ule uliokuwa unamkausha. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Huyu hakuwa nguoni tu, alikuwa amevaa kanzu.

Anaeli alipoona pa kutokea hakuna, akafanya alichokizoea. Akainua mikono, akaitoa ile sauti yake nzuri, akasema, "Wapendwa, sote tu wakosaji. Tuinamishe vichwa, tufumbe macho, tuombe."

Na watu wakaanza kuinamisha vichwa. Naapa. Walikuwa wameyaona kwa macho yao, na bado walianza kuinama.

Mama akasema, "Mimi sifumbi."

Hakupiga kelele. Akaingia kwenye mfereji na gauni lake la kanisani, akaanza kung'oa vile vigogo vya migomba kwa mikono. "Nimefumba macho kila Jumapili," akasema, "na maji yangu yanapita pembeni. Umeniombea, Mwinjilisti, nikakushukuru. Leo umehubiri juu yangu, na ni kweli kila neno. Lakini maji hayakusikia hata moja. Maji yamekwenda ulikoyachimbia. Na watoto hawa hawakusikia pia, wamekwenda huko huko." Akasimama na tope mpaka magotini, akamtazama. "Maji hufuata mfereji, Anaeli. Hayafuati mahubiri."

Hapo mwisho hakumwita Mwinjilisti, alimwita kwa jina. Ilikuwa mara ya kwanza, na kila mtu aliisikia.

Haya, mwajua msemo ulivyozaliwa. Lakini msiondoke, na wewe usiache kumenya, maana watu wengi huishia hapo na kuuharibu.

Mchungaji alikuja, Anaeli akavuliwa uinjilisti, akawekwa chini ya marudi, ile adhabu ya kanisa. Akatubu mbele ya usharika, toba tamu yenye machozi, watu wakalia naye. Mama akamsamehe hadharani, akampa mkono. Lakini mahindi hayajui kusamehe. Ilikuwa imechelewa. Tulivuna vigunzi vichache, na mwaka ule harufu ya makande tuliisikia kwa majirani.

Na vijana je? Hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Vijana walishajifunza. Siku za katikati ya juma ukawakuta wanazibua maji ya ukoo huu wanapeleka ukoo ule, wanacheka. Wazazi wakawachapa. Mchungaji akahubiri mara mbili juu ya wizi wa maji. Hawakusikia kitu. Na kwa nini wasikie? Walikuwa wamewahi kumsikia mhubiri bora kuliko huyo.

Anaeli mwenyewe akaja nyumbani kwetu kusema anaumia moyoni kwa ajili ya vijana wale, na kwamba angependa apewe nafasi azungumze nao. Mama alikuwa anachoma ndizi. Hakumkaribisha kiti. Akamwambia, "Umezungumza nao vya kutosha. Chukua jembe."

Nitampa haki yake, ingawa inanikwama kooni. Alichukua. Alichimba upya mfereji wa chini, wa wajane, akautandika mawe peke yake, mchana kweupe, watu wanapita na kumcheka. Jumapili alisimama penye mgawanyiko na jembe, kuhakikisha maji yanashuka kwa mama yangu, akakosa ibada, na zamani kukosa ibada kulikuwa jambo la kusemwa. Hakusema neno kwa yeyote. Siku moja Naetwe akaenda akamshikia jiwe. Halafu wakaenda wengine. Msimu uliofuata vijana wale wale ndio waliokuwa wanafukuza wezi wa maji, na mama yangu akavuna. Mpaka Anaeli anafariki hakupanda tena madhabahuni, na mimi nasema hiyo ndiyo miaka aliyohubiri.

Basi. Naona mmemaliza maharage, na huyu anafunika Biblia yake anataka kuniombea kabla hamjaondoka. Asante, mjukuu wangu, lakini ngoja kwanza. Leo asubuhi kanisani tumemwombea Bibi Sifaeli, aliyelala mgonjwa, hana wa kumwashia moto. Wewe ndiye uliyeongoza yale maombi, na uliomba vizuri, mpaka mzee wa kanisa akakusifu. Halafu mmetoka kanisani kuja kwangu kusikiliza hadithi. Njia mliyopita ni ipi? Mmepita mlangoni kwake, nyote, na hakuna aliyebisha hodi. Mnanitazama nini?

Tieni nusu ya maharage haya kwenye kikapu. Mahindi yale pale. Kuni ziko nyuma ya nyumba. Nendeni mkamwashie moto mumpikie, na mkitaka kuomba, ombeni huko sufuria ikiwa jikoni. Watoto wadogo wanaocheza njiani watawaona mnaingia, na hao ndio watakaokuja kumenya maharage yenu mkizeeka.

Maji hufuata mfereji, wajukuu zangu. Hayafuati mahubiri.