Wimbo wa Kumfikisha Swala

Paukwa!
Pakawa!
Hee, mnaitikia kama watu waliolala na njaa. Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na ngoma!
Na mpigaji yuko wapi?
Anakuja, mpisheni!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama walipooana, bibi arusi alisindikizwa kwa wimbo mmoja tu, kutoka mlangoni kwa mamaye hadi mkekani kwa mumewe. Wimbo ukikatika njiani, anarudishwa kwao. Ukikatika mara tatu, haolewi tena.

Sasa Swala alikuwa amesharudishwa mara mbili, masikini. Mara ya kwanza aliimba Kasuku, akanyamaza njiani kwa sababu hakushangiliwa. Mara ya pili aliimba Kunguru, akauacha wimbo ili amtukane mpiga ngoma wake. Swala akarudi kwao analia, na hina ingali mbichi kwenye kwato.

Mamaye akamwendea Kanga. "Bi Kanga, nimebakiwa na mara moja. Ukinikatia wimbo, umenikatia mwanangu."

"Mama, sauti tamu sikuahidi," akasema Kanga. "Nakuahidi kazi."

Siku ikafika. Kanga mbele, Nungunungu na ngoma yake, Swala nyuma yao kajifunika shela, mamaye na wasindikizaji wakimfuata. Kanga akatoa wimbo:

*Twampeleka, twampeleka,*
*mwana wa watu, hatumwachi njiani!*

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Walipofika mtoni, ngozi ya ngoma ikapasuka, pwaa! Nungunungu aliipasha moto kupita kiasi asubuhi ile, akitaka ilie kuliko ngoma zote duniani. Ndiyo tamaa ya wapiga ngoma hiyo, mnawajua wenyewe.

"Nimekwisha mimi!" akalia Nungunungu.

Kanga hakumkemea. Utamkemea saa ngapi, na bibi arusi yuko njiani? Akamjibu humo humo ndani ya wimbo: *Miba unayo, ndugu yangu, tikisa!* Nungunungu akatikisa miba, chaka, chaka, chaka, na mdundo ukarudi.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Walipofika bondeni, Kunguru huyo juu ya kichuguu, anawasubiri. Alitaka kuona na mwingine akishindwa.

"Kraa! Huo ni wimbo au kikohozi?"

Wasindikizaji wakaokota mawe. Kanga akainua bawa kuwazuia, akaimba:

*Twampeleka, twampeleka,*
*Bwana Kunguru, kiitikio ni chako!*

Kunguru akapigwa na bumbuazi. Tangu siku ile ya aibu, hakuna aliyemwalika kuimba hata kwenye kipaimara cha panya. Mara ya kwanza akageuza shingo. Mara ya pili akaguna. Mara ya tatu mdomo ukafunguka: "Hatumwachi njiani, kraa!" Akashuka, akaingia kwenye safu.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Walipoanza kupanda kilima, vumbi likamkaba Kanga kooni. Akafungua mdomo, sauti haikuja. Swala akasimama. Mamaye akafumba macho.

Kunguru angeweza kucheka. Lakini alimtazama yule binti ambaye yeye Kunguru alimrudisha kwao kwa ulimi wake mwenyewe, akaona uchungu.

"Twampeleka, twampeleka!" akapaza.

Sauti yake mbaya, inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga! Lakini haikukatika. Ilipanda kilima chote, ikaingia uani, na Swala akakaa mkekani.

Vigelegele! Baba wa bwana arusi akaja na kilemba. "Mwimbaji ni nani, nimvike?"

Wote wakamsukuma Kanga mbele. Kanga akarudi nyuma. "Mvike Kunguru. Mimi niliishiwa na sauti chini ya kilima."

Kunguru akainamisha kichwa. "Bi Kanga, mimi ndiye niliyemrudisha mwali huyu mara ya pili."

"Tunajua sote," akasema Kanga. "Inama vizuri, uvikwe."

Kunguru akainama, akalia mbele ya watu, wala hakuona haya.

Hadithi yangu imekaa mkekani, nami nakaa. Fundi wa muziki humjui kwa uzuri wa sauti. Utamjua siku mambo yakiharibika, kwa anavyowatendea wenziwe na kwa kuitimiza kazi ya watu. Na ukimsikia kunguru alfajiri juu ya bati lako, usimtupie jiwe. Anafanya mazoezi, na kwa kelele hamshindi jirani yako mwenye kwaya.