Aliyemsukuma Radi

Radi, farasi wa tajiri Kilungya, alishinda kombe kwa tofauti ya pua tu. Wa pili alikuwa farasi wa Syombua, mjane jirani yake. Kesho yake Kilungya akamjia Syombua akiwa na paroko.

"Nataka marehemu mama atangazwe mtakatifu. Kanisa linadai muujiza, na ushindi wa Radi ndio huo. Toa ushahidi, la sivyo sikuuzii nyasi tena."

"Nitatoa, mzee, ila wewe uape kwanza. Radi alishinda kwa nguvu zake?"

"Wapi! Siku ile alikuwa hoi."

"Aliyempanda je?"

"Yule? Hajui hata kushika hatamu."

"Basi nani alimfikisha?"

"Mama! Alimsukuma kutoka mbinguni mpaka kwenye utepe."

Paroko akaandika, tajiri akaapa na kutia sahihi. Syombua akaomba nakala, akaenda nayo kwa waamuzi wa mbio.

Jioni kombe likawa mezani kwake. Kilungya akaja anafoka.

"Mwizi mkubwa! Nirudishie kombe langu!"

"Sheria ya mbio, mzee, inakataza farasi kusukumwa na mtu asiyempanda. Ukilitaka kombe, nenda kamwambie paroko kwamba mama hakufanya kitu."