Mpaka Chini: Bibi Subilaga na Mchungwa wa Mkwewe

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo kaitikia puani? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, afadhali. Hapo kale, babu zetu hawajazaliwa lakini baridi imeshazaliwa, palikuwa na kijiji juu mlimani. Msimu wa kipupwe meno ya watu yaligongana, ti ti ti ti, na umande uliganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Waliuita sakitu. Sakitu ikigusa jani, jani linakuwa jeusi. Ikigusa tunda, tunda limekwisha.

Kijijini humo aliolewa binti mmoja, Atuganile, kutoka bondeni kwenye joto. Alikuja na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na mche wa mchungwa aliopewa na mama yake. Mwaka haujapita, mama yule akafariki. Atuganile hakubakiwa na kitu cha mama yake isipokuwa mti ule. Akaulea nyuma ya nyumba, ukakua, ukamfika kifuani, ukazaa machungwa yake ya kwanza.

Na mama mkwe? Loo! Bibi Subilaga alikuwa na maarifa mengi na maneno machache. Ukimuuliza kwa nini, anakunja uso. "Fanya kwanza, utaona." Kila siku fanya kwanza, utaona! Atuganile alichoka naye.

Jioni moja mbingu ikawa safi, wingu hakuna, upepo umelala. Bibi Subilaga akatazama juu, akaguna. Akashika mtungi, akaenda mtoni, akarudi. Chwaaa! Akamwaga penye shina la mchungwa. Akaenda tena, akarudi. Chwaaa!

"Mama! Baridi yote hii, unaumwagia maji?" Atuganile akauliza.

"Ndiyo."

Basi, ndiyo tu! Akachomeka vijiti kuuzunguka mti, akaingia ndani, akatoka na blanketi la pekee la nyumba ile. Akalitandaza juu ya vijiti, pindo likagusa udongo, akaligandamiza kwa mawe.

Mwanawe Ambokile, mume wa Atuganile, akaja mbio. "Mama, mti ukilala na blanketi, mimi nilale na nini?"

"Lala na mkeo. Mti hauna mke."

Kisha akamgeukia Atuganile. "Mpaka chini. Usiliguse." Akaenda zake jikoni.

Atuganile akabaki anatazama tope. Moyo ukamchemka. Huyu mama hautaki mti wangu, akawaza. Kwao, mtoto akisikia baridi hubanwa kwa mbeleko, asipate hata pa kupumulia. Basi akalifungua blanketi, akalizungusha juu kwenye matawi, akalibana, akafunga kamba penye shina, chini pakabaki wazi. Akaridhika.

Asubuhi, kacha, kacha, kacha, anakanyaga nyasi nyeupe. Akafungua kamba. Majani meusi. Machungwa magumu kama mawe. Atuganile akalia kilio cha msiba.

Bibi Subilaga akatoka, akaiona kamba. "Nani kaufunga shingo?"

Atuganile akaificha kamba mgongoni.

"Nilisema mpaka chini! Mti si mtoto, hauna damu ya kujipasha moto. Joto linatoka ardhini, na ardhi yenye maji hulitunza zaidi. Blanketi ni la kulizuia lisipotee. Wewe umelifungia nje!"

"Sasa mbona hukuniambia, mama?" Atuganile akafoka machozi yakimtoka. "Nimetoka kwenye joto mimi! Ningejuaje?"

Bibi Subilaga akaligusa jani jeusi. "Hapo umenishika," akasema.

Ambokile naye kashaleta shoka. "Umekufa huu. Angalau utupikie."

Bibi akaketi chini, mgongo kwenye shina. "Nikate mimi kwanza." Akakwangua gome kwa ukucha. Ndani, kijani. "Hiki kijani ni cha maiti? Msikate hata tawi. Ngojeni mvua."

Akawa anaketi pale kila siku. Wapita njia hawakosi neno.

"Bibi, mti wako umekufa."

"Umekwangua?"

"Sijakwangua."

"Basi pita!"

Anakuja mwingine. "Bibi, mti wako umekufa." "Umekwangua?" "Sijakwangua." "Basi pita!"

Mvua ikachelewa. Bibi Subilaga akaugua kifua, akalala, hakuamka tena.

Msiba ukajaa watu, kuni zikaisha. Wanaume wakatazama huku na huku. "Si ule pale mkavu?" Ambokile, macho mekundu, akaliinua shoka.

Atuganile akainuka mkekani katikati ya waombolezaji, akatoka, akaketi chini, mgongo kwenye shina.

"Nikate mimi kwanza."

"Mke wangu, leo si siku ya..."

"Umekwangua?"

"Sijakwangua, lakini..."

"Basi pita!" Alichoka, jamani. Alichoka kabisa na watu wasiokwangua.

Ambokile akaliweka shoka chini. Akachuchumaa, akakwangua kwa ukucha. Kijani. Akaketi kando ya mkewe, na hapo ndipo alipomlilia mama yake.

Mvua ikaja. Kwenye matawi meusi yakachipua macho ya kijani, na baada ya misimu michache machungwa yakarudi. Na kila kipupwe Atuganile alipita ua kwa ua, akivuta mapindo ya mablanketi ya watu. "Mpaka chini! Mpaka chini!" Ila yeye alieleza na sababu, akaeleza tena, mpaka watu wakaomba radhi. "Tumeelewa, Mama Subilaga!" Ndivyo walivyomwita, kwa jina la marehemu mkwewe. Hakuwasahihisha.

Basi ninyi mnaosinzia, sikieni. Unalolijua, liseme lote. Usiloelewa, uliza kabla hujagusa kamba. Na kabla ya kushika shoka, kwangua kwanza!

Hadithi yangu naifunika hapa. Mpaka chini.