Maji Hupaa, Chumvi Hubaki

Maji hupaa, chumvi hubaki. Mmemsikia mama yenu akimwambia mjomba wenu Zuberi maneno hayo pale mlangoni, kisha akarudi jikoni bila kumkaribisha, nanyi mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii ilizaliwa kwa dada yangu Mwantumu, na mimi nilikuwapo.

Mume wa dada, Mbwana Hatibu, alikuwa fundi wa mitambo melini. Alipostaafu alirudi Tanga na hamu moja tu: kuwa na bahari ndani ya nyumba. Akajenga tangi la kioo sebuleni, refu kama kitanda, mahali palipokuwa na kabati la vyombo vya arusi vya dada. Kabati likatupwa stoo. Akafunga pampu za kuzungusha maji na taa za buluu, akapanga mchanga na mawe, kisha akaliacha tangi wiki nyingi bila samaki hata mmoja, ili maji yakomae. Subira alikuwa nayo, sikatai. Aliitumia yote kwa mawe.

Ndipo akaingiza matumbawe, kwa kibali, na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Dada alilichukia lile tangi, lakini wale samaki walimzoea. Akikaribia kioo, nao wanakuja. Hakuwa amejaliwa mtoto. Nikawa namsikia asubuhi akiwaambia, “Mmeamkaje, wanangu?”

Mbwana Hatibu akaalikwa arusi ya mpwa wake Tabora. Alimwachia dada makatazo tele: usitie sabuni, usizime pampu, usiwalishe sana. Alipokuwa ameshashika begi mlangoni, akageuka: “Na maji yakipungua, ongeza.”

Ongeza. Hilo tu.

Kwa joto la Tanga, tangi lililo wazi hupungua kila siku. Dada akafanya ambalo mtu yeyote wa pwani angelifanya. Alichukua ndoo akashuka baharini, akajitwika mpaka nyumbani, akachuja maji kwa kanga safi, akamimina. “Bahari hujazwa kwa bahari,” aliniambia, huku akijikanda kiuno. Matumbawe yakaanza kujikunja. Samaki wakajificha pembeni. Dada akadhani wanaitamani bahari yao, akazidi kuwaletea.

Mbwana Hatibu alirudi na wageni kutoka arusini, watu wa bara ambao alikuwa amewasifia bahari yake njia nzima. Dada akawapokea kwa sinia la sharubati. Kwenye tangi, samaki mmoja alikuwa akielea ubavu, na matumbawe yamekuwa meupe.

“Umewafanya nini?”

“Niliongeza maji, kama ulivyosema.”

“Maji gani?”

“Ya bahari. Ningeongeza gani?”

Akatumbukiza kipimo chake cha chumvi, akakitazama, akageukia wageni badala ya mkewe. “Mnamsikia? Hata mtoto wa shule anajua! Yanayopungua ni maji matamu, chumvi haiendi popote. Maji hupaa, chumvi hubaki! Yeye kila siku kaongeza chumvi juu ya chumvi. Muuaji huyu!”

Wageni wakacheka. Dada akaliweka sinia juu ya meza polepole, bila kumwaga tone, akatoka. Alifika kwangu na ndara za bafuni. Hakulia. Alinyoosha mkono, akaninyang'anya ungo, akaanza kupepeta mchele ambao nilikuwa nimeshaupepeta.

Mimi nilitaka aombe talaka. Nalisema waziwazi.

Baada ya siku chache mumewe akabisha hodi. “Mwantumu, nisamehe. Lakini na wewe ungeuliza.” Dada hakuinua uso. Akaja tena juma lililofuata. “Nilikosea kupaza sauti. Lakini unajua nilivyohangaika na lile tangi.”

Hapo dada akasimama.

“Mbwana, yule samaki mmoja yu hai?”

“Yu hai.”

“Umemponyaje?”

“Namwongezea maji matamu, kidogo kidogo.”

“Kwa nini usimimine yote mara moja?”

“Atakufa. Chumvi hushushwa polepole.”

“Basi nisikilize. Makelele uliyonipigia mbele ya watu yameshapaa, hata wewe huyasikii tena. Chumvi yake iko hapa.” Akajigusa kifuani. “Na kila ukija unanitwisha ndoo nyingine ya bahari. Nisamehe, lakini. Nilikosea, lakini. Maji hupaa, chumvi hubaki, Mbwana. Wewe ndiye uliyenifundisha.”

Yule mzee akafungua kinywa. Niliiona “lakini” ikimfika midomoni. Akaimeza.

“Nimekosa,” akasema.

Tukangoja. Hakuongeza neno.

“Haya, nenda,” dada akasema. “Kesho uje hivyohivyo.”

“Kwani hurudi leo?”

“Unataka kuniua kwa maji mengi?”

Majirani waliokuwa wametega masikio dirishani waliyabeba maneno yale mtaa mzima, na ndiyo hayo mliyoyasikia leo. Mbwana Hatibu akawa anakuja, anasema neno lake moja, anakaa kidogo, anaondoka. Mpaka asubuhi moja dada akajifunga buibui akarudi kwake. Kabati likarudi sebuleni, likasimama ubavuni mwa tangi.

Sasa niambieni, mjomba wenu alipokuja leo kumwomba radhi mama yenu, alisema “lakini” ngapi? Mnacheka. Mama yenu hakucheka.

Ama mimi, wajukuu zangu, kuna jambo sijalimeza. Wale wageni waliocheka, Mbwana Hatibu hakuwarudia kuwaambia kwamba aliyekosa ni yeye. Huko Tabora dada yangu bado ni mwanamke mjinga aliyejaza bahari kwa bahari. Yeye amesamehe, na samaki wake anamwamkia mpaka leo. Mimi shemeji yangu akija namwitikia salamu, namtilia chai, kisha natazama ukutani.

Maji hupaa. Chumvi hubaki.