Kengele ya Watasema

Kaeni! Nimesema kaeni! Na wewe Nikundiwe, weka hizo kunde chini, utazibambua baadaye. Masikio yenu yako wapi? Yashikeni, niyaone. Yote mawili. Haya, yashikeni hivyo hivyo mpaka nimalize.

Nani kati yenu amemvua mbwa kengele leo asubuhi? Mnatazamana. Tazamaneni tu, nitamjua. Lakini kwanza mtanisikiliza, maana leo nina hasira na sitaki kumpiga mtoto wa mtu kabla hajajua anapigiwa nini.

Kale ya makale, kabla babu wa babu yenu hajaota jino, watu wetu walikaa huko chini ya milima ya Upare, pale nyika inapoanza. Kanga walikuwa wengi, wengi, wengi, wanatembea makundi kwa makundi wakilalamika kama wanawake walioibiwa mtungi. Na mbogo nao walikuwepo. Nazungumzia yule mbogo dume, mzee, aliyefukuzwa na wenzake. Huyo hulala kichakani peke yake, haonekani wala hasikiki. Ukimwangukia hajui kwamba unakuja, umekwisha.

Sasa watu wa kale hawakuwa wajinga kama ninyi. Walikuwa na sheria moja ya kuwinda kanga: mbwa haingii porini bila kengele. Kengele yenyewe ya mti, imechongwa, ulimi wake wa mfupa. Mbwa akitembea, inalia ko, ko, ko. Mbogo anaisikia kwa mbali, anaamka, anajiondokea zake, kwa sababu hata yeye hapendi kugutushwa usingizini. Wanawake wanaookota kuni nao wanaisikia, wanajua mbwa yuko upande gani. Na ikilia kwa fujo, kokokokokoko, wanajua mbwa anafukuzwa. Wanatupa kuni, wanapanda mti. Maana mbwa akifukuzwa anakimbilia wapi? Nauliza, anakimbilia wapi? Kwa watu! Anamleta mnyama mpaka mapajani pako, halafu anajificha nyuma yako!

Basi, palikuwa na mjane, jina lake Nakijwa. Mumewe alikufa kwa homa, akamwachia watoto watatu na mbwa mmoja mwekundu mwenye sikio lililochanika. Majirani wakaanza: mwanamke gani huyu anakwenda porini na mbwa, mwanamke gani huyu anashika rungu. Nakijwa akampa mbwa jina Watasema. Kila akimwita, majirani wanajijua. Na kila jioni watoto wake walikula nyama ya kanga. Bila Watasema, ni majani ya kunde leo, majani ya kunde kesho, mpaka watoto wakonde miguu.

Siku moja asubuhi akaja shemeji yake, Semvua, mdogo wa marehemu. Mwanamume mzuri wa sura, mdomo mtamu. Mnawajua watu wa namna hiyo.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Mbona mapema?"

"Niazime Watasema. Wakwe zangu wanakuja kesho, nataka kanga kumi."

"Kumi! Unalisha wakwe au unalisha jeshi?"

"Aa, shemeji, wewe nipe mbwa. Aibu yangu ni aibu yako."

Nakijwa akamfunga Watasema kengele kwa mkono wake mwenyewe, akakaza kamba. Akasema, "Mbwa na kengele yake, shemeji. Usiivue."

"Kwani mimi mtoto?"

"Sijasema wewe mtoto. Nimesema usiivue."

Na hakuivua. Sikilizeni vizuri hapo. Hakuivua.

Nakijwa akakaa uani anatwanga mtama. Anatwanga, anasimamisha mchi, anasikiliza. Siku zote mbwa akiwa bondeni, ko-ko-ko ilifika mpaka pale uani. Siku hiyo kimya. Akatwanga tena, akasikiliza tena. Kimya. Akasema moyoni, huyu shemeji amekwenda wapi, mbona mbali hivyo? Hakuwa mbali hata kidogo.

Jua lilipofika utosini, ukelele. Wanawake wanakuja wanakimbia, wamembeba mtu kwenye machela ya fito. Nakijwa akatupa mchi. Nani yule? Mama Nambua, mkwe wake, mama mzazi wa Semvua na wa marehemu mumewe. Paja limevunjika, nguo imejaa damu, uso umekuwa wa majivu. Mbogo alimrusha juu, akamwacha chini, akaendelea na safari yake.

"Mama! Hukumsikia mbwa?"

"Sikusikia kitu, mwanangu. Nilikuwa nimeinama nafunga kuni. Watasema akanipita mbio, kimya kabisa, nikashangaa. Kuinua kichwa, mbogo huyu hapa."

Watasema mwenyewe akafika nyuma yao, anachechemea, mkia tumboni. Kengele ilikuwa shingoni bado. Nakijwa akapiga magoti, akaishika, akaitikisa. Haikulia. Akatia kidole ndani. Kidole kikanasa.

Ulimbo! Mnaujua ulimbo? Ule utomvu unaochemshwa mpaka unakuwa mzito, unapakwa kwenye vijiti ili ndege wadogo wanase miguu. Kengele ilikuwa imejazwa nyasi na ulimbo, na ulimi wake wa mfupa umeganda ndani hausogei. Na kijiji kizima, aliyetembea na kibuyu cha ulimbo kiunoni alikuwa mtu mmoja tu.

Alitaka kanga wasisikie mbwa anakuja. Alitaka na wawindaji wenzake wasijue kundi liko wapi. Kanga kumi, basi! Kwa ajili ya kanga kumi akaziba sauti ambayo mama yake aliitegemea!

Nakijwa alishika ule mchi. Aliushika kwa mikono miwili akatoka nao mpaka nje ya ua. Halafu akasimama. Akajua akimpiga, watasema mjane amepata wazimu, na Semvua atapata huruma za bure. Akarudi. Akamvua Watasema kengele, akaifunga kwenye pindo la kaniki yake, akakaa nayo kiunoni. Usiku ule hakula.

Asubuhi watu wakaitwa uani kwa Mzee Mbonea, mkubwa wa kijiji. Mama Nambua akaletwa, akalazwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Na Semvua akaja na kamba mkononi. Mnasikia? Hata neno halijasemwa, yeye ana kamba ya kumnyongea mbwa!

"Wazee wangu," akasema, na sauti imejaa majonzi, "sheria tunaijua. Mbwa anayeleta mnyama juu ya watu ni mbwa mbaya, anauawa. Huyu amemvunja mama yangu. Naumia, lakini auawe leo."

Mzee Mbonea akauliza, "Kengele ililia?"

Semvua akamtazama mbwa shingoni, akaona hana kengele. Akapata nguvu. "Ililia, mzee! Ililia tangu tulipoingia bondeni, mpaka kamba ikakatika, ikaanguka huko huko porini wakati mbogo anatufukuza."

"Mama yako anasema hakusikia."

"Mzee, mama yangu ni mtu mzima. Masikio yake yamekwisha. Sote tunajua, tunanyamaza tu kwa heshima."

Ptu! Mtoto wa kuzaa huyo. Mama Nambua aligeuza uso upande wa ukuta. Akasema polepole, "Labda ni kweli. Labda masikio yangu yamekwisha, na mbwa wa watu anauawa bure."

Hapo Nakijwa akasimama. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusimama mbele ya wazee bila kuitwa, lakini alisimama, na hakuna aliyethubutu kumwambia kaa. Akamwendea mkwe wake, akafungua pindo la kaniki, akatoa kengele.

"Mama, shika. Itikise."

Mama Nambua akaitikisa. Kimya. Akaisogeza sikioni, akaitikisa kwa nguvu. Kimya. Macho yakamjaa machozi. "Mnaona? Sisikii."

"Mpe na Mzee Mbonea, mama."

Mzee Mbonea akaitikisa. Akaitikisa tena. Akampa wa pili wake, naye akaitikisa. Kengele ikazunguka ua mzima, mkono kwa mkono, na hakuna aliyesikia kitu. Mwisho Nakijwa akaichukua, akamkabidhi Semvua.

"Shemeji, kumbe kijiji kizima ni viziwi. Itikise wewe tusikie!"

Semvua hakuitikisa. Ile kengele ilimganda viganjani. Na kibuyu cha ulimbo bado kinaning'inia kiunoni mwake, watu wote wanakitazama.

Mama Nambua akainuka kwa kiwiko, na mguu ule ule uliovunjika. "Kumbe masikio yangu mazima," akasema. "Semvua, masikio yangu mazima!" Na akalia kuliko alivyolia kwa paja.

Mzee Mbonea akasema, "Mbwa aachiwe." Kisha akachukua ile kamba ya kunyongea, akatamka adhabu. Semvua alikesha anakwangua ulimbo kwa mwiba mpaka kengele ikalia, na asubuhi akavalishwa kengele hiyo shingoni, kwa kamba ile ile aliyokuja nayo. Tangu siku hiyo aliwatangulia wanawake kila walipokwenda kuni, yeye mbele, ko, ko, ko, awaondolee mbogo. Wakwe walikuja wakayaona. Na Mama Nambua, ambaye hakutembea sawa tena maisha yake yote, alikaa mlangoni, na kila asubuhi mwanawe akipita alipaza sauti, "Nasikia, Semvua! Nasikia!" Mpaka ndevu za Semvua zikaota mvi.

Sasa. Kengele hii hapa, nimeiokota nyuma ya ghala. Nani?

Ala! Mkono wa nani huo umeachia sikio, umeinuka? Kumbe ni wewe, Nikundiwe?

"Ilikuwa inatupigia kelele, Bibi. Kanga walikuwa wanaruka."

Waruke! Waruke waende mpaka pwani! Kengele ya mbwa si yako peke yako, ni ya kila mtu aliyeinama huko porini asiyekuona. Mama yako yuko kuni saa hizi, unajua yuko upande gani? Hujui. Basi inuka, kamfunge mbwa, ukaze kamba, na uitikise niisikie kutoka hapa.

Haya. Naisikia.

Achieni masikio. Kisa kimeishia hapo: aliyesikia ameponea hapa, na asiyesikia mbogo anamngoja.